Wapagazi Niliowaacha Nikiwahi Basi

Ijumaa moja asubuhi, mjini Iringa, miaka ile ya sabini, nilikaa mbele ya taipureta nikapiga chapa kwa bidii karibu saa nzima, na sikuandika hata jina moja. Mzee aliyekaa kando yangu alikuwa akinisomea majina ya watu waliokufa vitani. Mimi nilikuwa nagonga herufi zozote zilizokuwa karibu na vidole, kwenye karatasi chakavu, ili asikie mlio wa mashine na aendelee. Nilitaka amalize upesi. Nilikuwa na basi la kuwahi.

Nayasema haya mapema ili msije mkasoma kurasa hizi mkidhani mnafundishwa na bingwa.

Ninyi vijana mnaoketi siku hizi kunakili shajara za vikosi vya zamani, yale madaftari ya kila siku ya askari na wapagazi, mkaziweka mtandaoni ili mtu wa Tukuyu na mtu wa Ulaya wazisome saa ileile: mwenzenu mmoja alinipigia simu juzi. Binti mwenye sauti ya upole. Akauliza kama ni mimi niliyepiga chapa shajara ya kikosi cha wapagazi, kwa kuwa chini ya kila ukurasa kuna herufi mbili za jina langu. Nikasema ndimi, na kichwa kikavimba kidogo, maana kwa umri huu anayenipigia simu huwa anaomba au amekosea namba.

"Babu," akasema, "kuna ukurasa mmoja una majina ishirini na mawili ya waliokufa kambini, halafu umeandika 'na wengineo'. Hao wengineo ni akina nani? Tunataka tuwaingize."

Nikamwambia simu inakatika. Haikuwa inakatika. Jibu lake ndilo hili.

Kwanza mjue mliye naye. Wako watu waliozaliwa na miguu ya safari. Mimi nilizaliwa na makalio ya kigoda. Nilisoma hadi kidato cha nne, nikajifunza kupiga chapa kwa sababu niliambiwa ni kazi ya kukaa. Nyumba yangu ilikuwa Iyunga, Mbeya, vyumba viwili na jiko la nje, na sikuona sababu ya mtu mwenye akili zake kulala mahali pengine. Ofisi iliponihamishia Iringa niliumwa tumbo siku tatu. Wenzangu wa pale wakanipa jina la Konokono. Walikosea. Konokono huhama na nyumba yake. Mimi yangu ilibaki Iyunga pamoja na mke wangu, Mama Neema, na sufuria lake la ndizi na maharage.

Kwa hiyo kila Ijumaa niliondoka na basi la saa sita na nusu mchana, nikafika Iyunga jioni, na Jumapili nikarudi Iringa kama mtu anayepelekwa mahabusu. Jirani yetu, Bibi Tusekile, mjane wa Kinyakyusa aliyekuwa akikaribia miaka sitini, ndiye aliyenipokea kila mara kabla hata mke wangu hajaniona. Alikuwa nyuma ya uzio wa matete, na ulimi wake haukuwa na uzio.

"Gwe, umerudi tena?" angesema. "Mkeo hata hajaanza kukukumbuka. Mwache mwanamke apumzike."

Nami ningemjibu kwamba nimemrudia yeye, si mke wangu, naye angecheka hadi akakohoa. Tulikuwa majirani wa namna hiyo. Chumvi ilipita juu ya uzio, na matusi madogo pia.

Sasa kazi yenyewe. Ofisi yetu ilikuwa inakusanya kumbukumbu za ile vita kubwa ya kwanza, Mjerumani na Mwingereza walipokimbizana katika nchi hii na babu zetu wakabeba mizigo ya wote wawili. Siku moja aliingia Mzee Athumani, mkazi wa mtaa wa Mlandege pale Iringa, mtu mwembamba mwenye kanzu iliyofuliwa mpaka imekuwa nyepesi kama karatasi ya sigara. Kwapani alishika kitu kilichofungwa kwenye kitambaa cha kaniki. Kilikuwa daftari la baba yake. Baba yake alitoka pwani akawa karani wa kikosi cha wapagazi, na kila siku, vita ikiwa inaendelea, aliandika walipolala, mvua iliyonyesha, mizigo iliyofika na watu walioanguka.

Lugha ilikuwa Kiswahili. Herufi zilikuwa za Kiarabu. Ofisi nzima tulilitazama daftari lile kama kuku anavyotazama kioo.

Ndipo ikaamuliwa: Mzee Athumani asome, mimi nipige chapa. Daftari hatatuachia. Atakuja nalo asubuhi, atarudi nalo mchana. Bosi wetu akakubali upesi, kwa kuwa bosi wetu alikubali upesi kila jambo ambalo yeye hatalifanya.

Siku ya kwanza nilijionyesha. Nikapachika karatasi tatu na kaboni mbili, nikapiga ukurasa mzima bila kusita, nikauchomoa kwa madaha. Nilikuwa nimeweka kaboni kinyume. Maandishi yote yalikuwa yamejichapa kinyumenyume mgongoni mwa karatasi ya kwanza, na nakala ya chini ilikuwa nyeupe. Mzee Athumani akaishika hiyo nyeupe, akaiinua kwenye mwanga.

"Hii nakala yako, kijana," akasema, "ni safi kama mtoto mchanga. Haina dhambi hata moja."

Tukaanza upya. Ninyi mna kitufe cha kurudisha nyuma. Sisi tulikuwa na kifutio kigumu ambacho ukikikaza kinatoboa.

Mengi ya kazi hii nilifundishwa na mzee yule ambaye taipureta hakuwahi kuigusa. Mfano mmoja. Kuna mahali karani aliandika siku tisa mfululizo kwamba mvua ilinyesha, mizigo haikuondoka, unga umelowa. Siku tisa, maneno yaleyale. Siku ya tatu nikaona tunapoteza wino. Nikasema, "Mzee, si tuandike tu mara moja, kwamba mvua ilinyesha siku tisa?"

Akaondoa lenzi yake ya kukuzia kwenye jicho. "Wao walilowa mara moja?"

"Hapana, Mzee."

"Walilowa siku moja moja. Na wewe waandike siku moja moja."

Nikaandika siku moja moja. Kufika siku ya saba, msinicheke, nilianza kuhisi nguo zangu zina unyevu. Ndipo nilipoelewa kwa nini shajara ya kikosi hainakiliwi kwa ufupi. Mtu anayesoma anatakiwa achoke kidogo. Wale walichoka zaidi.

Mahali wino ulipofifia, mzee hakukisia. "Acha pengo," alisema, "lenye urefu wa neno lenyewe." Nilipotaka kusahihisha jina la mto kwa kuwa mimi nilijua linavyoandikwa siku hizi, aliniuliza kama nilikuwepo. Na alishikilia jambo moja ambalo nililikwepa kila mara: kuhakiki. Alitaka kila mwisho wa sehemu mimi nisome nilichopiga, yeye afuate kwa kidole katika daftari. Herufi za kizungu zilimshinda, kwa hiyo bila mimi kumsomea hakuwa na njia ya kujua nimeandika nini. Nikamwambia tutahakiki mwishoni, yote kwa pamoja. Nilisema hivyo kwa sababu kuhakiki kulichukua muda, na muda ulikuwa mali ya basi.

Lakini kubwa kuliko yote kwake lilikuwa utaratibu wa majina. Kila kambi, karani aliandika waliobaki pale, maana yake waliokufa. Na hakuandika jina tupu. Aliandika jina, kwao mtu huyo, mzigo aliokuwa akiubeba siku alipoanguka, na mahali alipolazwa: chini ya mti gani, upande gani wa njia. Mzee Athumani alikuwa na sheria kwamba majina ya kambi moja yakishaanza kusomwa, msomaji na mwandishi hawaendi kazi nyingine mpaka yaishe. Alisema baba yake aliyaandika kwa mkao mmoja. Na baada ya kila jina alinyamaza. Marehemu akiwa Mwislamu, mzee alisema, "Mwenyezi Mungu amrehemu." Akiwa si Mwislamu, alisema, "Mungu anamjua." Kisha alisubiri asikie kengele ya taipureta, ile inayolia mstari unapokaribia kuisha, ndipo akasoma jina linalofuata. Macho yake yalikuwa ndani ya lenzi, na lenzi ilikuwa ndani ya daftari. Mimi alinifuata kwa masikio tu.

Sasa mmeshaona njia ya mwizi ilipopita.

Ijumaa ile alifungua kaniki, akasema, "Leo ni kambi ya mtoni."

Kambi ya mtoni ndipo walipongojea unga ambao haukufika. Wengi wao walitoka nchi za joto, na shuka moja kila mtu, na ninyi mnaijua baridi ya huku kwetu. Waliobaki pale walijaza kurasa tatu.

Nikatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nne kasorobo. "Mzee, si tuanze Jumatatu?"

"Jumatatu ndiyo uliyosema Ijumaa iliyopita."

Kweli nilisema.

"Sala ikifika tukiwa hatujamaliza," akaendelea, "nitakwenda msikitini nirudi. Wewe utanisubiri hapo hapo na karatasi yako."

Tukaanza. Fulani, wa Usangu, mzigo wa unga, kalazwa chini ya mkuyu ng'ambo ya kushoto. Mungu anamjua. Kengele. Fulani, wa Uhehe, sanduku la risasi, hapo hapo. Kengele. Kufikia saa tano na robo nilikuwa nimeandika ishirini na wawili, na ukurasa wa kwanza wa daftari ulikuwa bado haujaisha. Nikapiga hesabu kichwani. Kwa mwendo ule, sala ingetukuta katikati, na basi lingeniacha, na lingine lenye nafasi lilikuwa kesho yake. Nikaiona Iyunga. Nikaona mvuke ukitoka kwenye sufuria. Msidhani nilikuwa na msiba au mgonjwa. Ningekuwa naye ningemtaja, maana miaka yote hii nimemtafuta sana mgonjwa wa kusingizia. Nilitaka tu kuwa nyumbani.

Nikaandika: na wengineo. Nikaweka nukta. Nikachomoa karatasi.

"Mbona umetoa?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Imejaa, Mzee."

Nikapachika karatasi chakavu. Kuanzia hapo, kila jina niligonga vitufe vinne vitano, nikakisukuma kigari cha mashine kwa mkono mpaka kengele ikalia. Naye akisikia kengele, akasoma linalofuata. Tulikwenda kasi! Hata yeye akafurahi. "Leo vidole vyako vimeamka," akasema. Alisoma mpaka sauti ikakwaruza. Na mimi sikusikia. Mpiga chapa hasikii kama watu. Maneno huingia sikioni yakashuka moja kwa moja vidoleni, hayatui popote. Siku ile vidole havikuyapokea, basi yakaanguka sakafuni. Sikuhesabu hata walikuwa wangapi. Ukishindwa yote, kijana, walau hesabu.

Saa sita na dakika chache akafunga daftari. Akaweka kiganja chake juu ya taipureta, kama anavyoshikwa ng'ombe aliyelima vizuri.

"Ahsante," akasema. "Sasa wamepata pa kulala."

Ile karatasi chakavu nilifungia karanga nilizonunua stendi. Jioni Mama Neema akanipakulia ndizi. "Leo umewahi," akasema.

Miezi michache baadaye tulimaliza daftari. Bosi akatia sahihi kila ukurasa bila kusoma, nakala zikapelekwa zinakopelekwa nakala, ya tatu nikabaki nayo mimi. Kuhakiki hatukuhakiki. Barua ya kunirudisha Mbeya ilikuwa imefika, na Konokono akapata mbio. Mzee Athumani aliniambia, "Utarudi tuhakiki." Nikasema, "Nitarudi." Ni neno rahisi sana kulisema ukiwa na sanduku mkononi.

Jumamosi moja, nikiwa nimetulia Iyunga, nilikuwa uani nikimsimulia shemeji yangu habari za wapagazi, kwa majivuno, utadhani nilibeba mimi. Uzio wa matete ukasogea. Bibi Tusekile alikuwa amesimama upande wa pili. Siku hiyo hakunitania.

"Hilo daftari lako," akasema, "lina majina?"

"Lina majina, Bibi."

"Na walikotoka?"

"Na walikotoka. Hata walikozikwa."

Akaniambia jambo ambalo miaka yote ya chumvi na matusi hakuwahi kulitaja. Baba yake aliitwa Mwakalobo, wa Rungwe. Alichukuliwa kubeba mizigo wakati mama yake Bibi akiwa na mimba ya Bibi mwenyewe. Hakurudi, na hakuna aliyekuja kusema amekufa. Mama yake alikataa katakata kuweka matanga. Mtu hawezi kumlilia mume ambaye hajaambiwa amekufa, alisema. Ukimlilia akiwa njiani unamfungia njia. Jembe lake lilikaa nyuma ya mlango mpaka mpini ukaliwa. Mama mwenyewe akafa akisubiri, na akawaachia watoto kusubiri kama watu wanavyoachiana shamba. Kila mjukuu akiugua, wazee wa ukoo waliuliza: na yule ambaye hatujamlilia? Sasa Bibi Tusekile ndiye aliyebaki mkubwa, na kaka zake wawili walikwisha kufa.

"Nataka nimlilie mimi kabla sijafa," akasema. "Nisiwaachie hawa. Lakini siwezi kulia kwa kubahatisha. Ukimkuta humo, niambie tu yuko wapi."

Nilikwenda ndani nikaitoa nakala yangu ya tatu. Nikaipitia yote, kambi baada ya kambi. Hakuwemo. Nikafika kambi ya mtoni, majina ishirini na mawili. Hakuwemo. Halafu yale maneno mawili, na chini yake nafasi nyeupe ya vidole viwili.

Mngekuwa ninyi mngepanda basi kesho yake. Mimi nilimwambia Bibi kwamba bado natafuta, nikangoja mvua zipite. Mvua zikapita, nikangoja mavuno. Iringa si mbali na Mbeya, lakini kitanda changu kilikuwa karibu zaidi. Na kusema kweli niliogopa uso wa yule mzee. Kwenda kumwambia asome tena kulitaka kwanza nimwambie kwa nini. Ukapita mwaka na zaidi. Bibi Tusekile hakunisukuma. Aliuliza tu mara moja moja, kwa sauti ya kuazima chungu: "Bado?"

Nilipokwenda, nilimkuta binti yake Mzee Athumani, Bi Zuhura, amekaa barazani Mlandege. Akanitambua kabla sijajieleza.

"Wewe ndiye kijana wa mashine. Baba alikusubiri."

Mzee alikuwa amefariki tangu masika. Nilitoa pole, nikakaa kitako muda unaostahili, kisha nikauliza habari za daftari. Akanipeleka chumbani, akavuta sanduku kutoka chini ya kitanda. Kaniki ilikuwapo. Jalada lilikuwapo, zima kabisa. Akalifungua, na ndani hapakuwa na karatasi. Palikuwa na udongo. Mchwa walikuwa wamepanda kutoka sakafuni wakatoboa sanduku, wakala kurasa zote, wakajaza udongo mwekundu mahali pake, kwa umbo la daftari lilelile.

Bi Zuhura alilia kidogo. Kisha akajifuta kwa ncha ya kanga, akasema, akinifariji mimi, "Si kitu. Baba alikufa ametulia. Alisema yote yako kwenye mashine, hata mchwa waje."

Nikasema ndiyo. Nimesema uongo mwingi maishani, mwingine mrefu; huo wa neno moja ndio mzito kuliko yote.

Basini kurudi Mbeya nilipata wazo, na wazo lenyewe lilikuwa zuri mno, ndiyo maana ningepaswa kulishuku. Ofisini Mbeya kulikuwa na taipureta ya namna ileile. Ningepiga upya ukurasa wa kambi ya mtoni, na baada ya jina la ishirini na mbili ningeongeza la ishirini na tatu. Nani angejua? Mzee kafa, daftari udongo. Bibi Tusekile angeweka matanga, angelia, angelala. Ingekuwa sadaka. Jumatatu, wenzangu walipokwenda kunywa chai, nikapachika karatasi. Kaboni niliiweka sawasawa safari hii. Nikapiga majina yote ishirini na mawili, kisha nikapiga: Mwakalobo, wa Rungwe.

Kengele haikulia. Mstari ulikuwa haujaisha. Ulidai mzigo.

Alibeba nini? Nikafikiri unga. Hapana, risasi. Chumvi? Na kalazwa wapi, chini ya mkuyu gani? Vidole vyangu vikasimama juu ya vitufe. Mtu huyu walikuwa wamekwisha kumtwisha mara moja bila kumwuliza, na mimi nilikuwa najiandaa kumtwisha tena, kisha nimchimbie kaburi mahali ambapo labda hakuwahi kupita. Nikaichomoa karatasi nikaichana vipande vidogo. Ni ukurasa mmoja tu katika maisha yangu ya kazi ambao nafurahi sikuumaliza.

Sasa, binti uliyepiga simu, na wenzako. Msiyafute maneno yale mawili, wala msiyajaze kwa kukisia hata mtu akija na jina la babu yake analia. Yaacheni. Chini yake wekeni maelezo haya: kwamba majina yaliyobaki yalikuwapo kwenye daftari, yalisomwa kwa sauti hadi la mwisho, na mpiga chapa hakuyaandika kwa sababu alitaka kwenda nyumbani. Herufi zangu mbili ziko pale chini. Jina kamili mnalijua, liwekeni. Wasomaji wenu wajue kwamba watu hawa hawakupotezwa na vita peke yake. Na mkimaliza ukurasa, hakikini. Mwenzio asome, wewe ufuate kwa kidole. Mkichoka, someni tena.

Jumamosi iliyofuata siku ile niliyochana ukurasa, nilikwenda upande wa pili wa uzio. Nilizunguka hadi mlangoni, kwa adabu, kitu ambacho nilikuwa sijawahi kukifanya. Bibi Tusekile alikuwa ameketi kwenye jamvi akimenya ndizi, beseni la maji mbele yake. Aliona karatasi mkononi mwangu, akaacha kumenya.

"Soma," akasema.

Nikamsomea. Jina, kwao, mzigo, alipolazwa. Niligundua kwamba baada ya kila jina nanyamaza kidogo, kama alivyofanya Mzee Athumani. Bibi aliinamisha kichwa kwa kila mmoja, watu wa Usangu, watu wa Uhehe, watu asiowajua. La ishirini na mbili likapita. Nikasoma, "Na wengineo."

"Endelea."

"Imeishia hapo, Bibi."

"Huyo wengineo ni nani?"

Nikamweleza. Mzee na lenzi yake, kengele, karatasi chakavu, karanga, saa ya ukutani, mwaka niliokaa nikingoja mvua, sanduku la udongo. Nikamweleza hata ukurasa niliouchana. Alirudia kumenya nikiwa katikati ya maneno, na maganda yakawa yanaanguka kwenye jamvi. Nilipomaliza, hakuniangalia.

"Alisoma kwa sauti?"

"Kwa sauti, Bibi."

"Yote?"

"Yote."

"Na wewe ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

Akaitumbukiza ndizi ya mwisho majini, akafuta kisu kwenye kanga, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu nianze kusema.

"Kwa hiyo basi ulilipata," akasema, "ukala ndizi za moto kwa mkeo. Baba yangu mimi bado anatembea."